Bumu, kodi na viti vitupu darasani

Mwanafunzi anayepata mkopo wote wa kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo hupangiwa shilingi 10,000 kwa siku. Awali ilikuwa 8,500. Hesabu ni ya siku, lakini fedha yenyewe huja kwa mkupuo wa miezi kama miwili. Mkupuo huo, ambao wanafunzi huuita bumu, ukitoka, wa kwanza kuudai ni mwenye nyumba.

Vitanda vya hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani na Mabibo, haviwatoshi wote. Wasiobahatika, na wasiopata mwenzao wa kubebana naye, yaani kulala naye kitanda kimoja hosteli, hupanga Sinza, Ubungo au Kimara, ambako wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa pamoja. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 480,000. Kwenye bumu la siku sitini, yaani 600,000, zinabaki 120,000: shilingi 2,000 kwa siku, za kula, nauli na kutoa kopi. Anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi anaweza kuzimaliza barabarani kabla hajala chochote.

Mwanafunzi huyu hatoroki masomo hovyo. Anapiga hesabu. Siku yenye vipindi vitatu anakwenda; yenye kipindi kimoja anabaki geto (chumba alichopanga), anaomba desa (notisi) kwa mwenzake na kumsihi amsainie mahudhurio. Nafundisha, na sahihi hizo za kughushi naziona. Sizitetei, ila naumia tunapozijibu kwa vitisho pekee. Kanuni ya asilimia 75 ya mahudhurio, iliyozoeleka vyuoni, haimpi mtu nauli. Na jaribio la darasani likimpita siku hiyo, alama zake za kozi zimekwenda, naye anaanza kuinyemelea sapu, yaani mtihani wa marudio.

Asiye na mkopo kabisa hali yake ni ngumu zaidi. Huyo hana hata bumu la kusubiri, na jioni ya kujisomea huiuza kwa kibarua.

Mikopo na kodi haviko mikononi mwa idara, lakini ratiba iko. Kipindi cha saa mbili asubuhi kikifuatwa na kingine saa kumi jioni, mwanafunzi ashinde chuoni na njaa au alipe nauli maradufu. Vipindi vya wiki vikikusanywa katika siku tatu au nne, nauli ya siku inayobaki inakuwa chakula, na chuo hakijatoa hata senti.