Njia ya Tendo Iko Nje ya Kitenzi

"The boy ran out of the house." Sisi tungesema, "Mvulana alitoka nyumbani mbio." Habari ni ileile, ila kazi imegawanywa kinyume. Kwetu kitenzi "toka" ndicho chenye mwelekeo, na namna ya kwenda, yaani mbio, inafuata baadaye. Mwingereza ameweka mbio ndani ya kitenzi, na mwelekeo akauachia "out". Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, alizigawa lugha za dunia kwa kigezo hicho hasa katika miaka ya 1980. Kiingereza, Kijerumani na Kirusi huiweka njia ya tendo nje ya mzizi wa kitenzi. Kihispania huiweka ndani, na Kiswahili kwa kiasi kikubwa kiko upande huo: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi.

Nadhani hapa ndipo mafunzo yetu ya Kiingereza yanapopotea. Mwanafunzi hupewa orodha ya vitenzi virai: "give up" ni kukata tamaa, "put off" ni kuahirisha, "look after" ni kutunza. Anakariri na kufaulu mtihani, lakini akianza kuzungumza anakimbilia "postpone" na "tolerate", maneno yenye asili ya Kilatini yanayosimama peke yake. Hayuko peke yake katika hilo. Mwaka 1985 watafiti Dagut na Laufer walieleza jinsi wanafunzi wanaozungumza Kiebrania wanavyovikwepa vitenzi hivi. Na tangu mwaka 1755, katika utangulizi wa kamusi yake, Samuel Johnson alikwisha kuvitaja kuwa miongoni mwa mambo yanayowatesa sana wageni.

Orodha huficha kwamba kijineno, kama "up" au "off", kina maana yake na kinafanya kazi. Linganisha "drink your milk" na "drink up your milk". La kwanza ni kunywa maziwa. La pili ni kuyamaliza yote, mpaka tone la mwisho. Katika "eat up", "use up" na "dry up", neno "up" halina habari tena ya juu wala chini; linasema tendo limefika kikomo. "Off" nayo hutenganisha: "cut off" ni kukata kitu kikaachana na kingine, "take off" ni kuvua kiatu au ndege kuiacha ardhi, na katika "put off" siku ya shughuli inasukumwa mbali. Sidai kwamba mantiki hii inafika kila mahali. "Put up with", kuvumilia, haifumbuliwi kwa kuchambua vipande vyake. Hiyo ni ya kukaririwa tu. Lakini nyingi kuliko tunavyodhani zinafumbulika, na mzungumzaji wa Kiswahili amezoea jambo la jamii hiyo. "Hama" na "hamia" hutofautiana kwa mnyambuliko mmoja. Mwingereza hutenganisha "move out" na "move in" kwa kijineno.

Kisha kuna suala la mpangilio, ambalo kwangu ni gumu kuliko maana. Unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off". Ukiweka kiwakilishi, njia inabaki moja: "turn it off". "Turn off it" haikubaliki. Yambwa ikiwa ndefu, mathalani taa zote ulizoziacha zikiwaka ghorofani, husogezwa mwisho, baada ya "off". Lakini "look after" haigawanyiki hivyo: ni "look after her", kamwe si "look her after", kwa kuwa "after" hapo ni kihusishi na lazima kitangulie nomino yake. Sikio linasaidia pia. Katika "turn it off" mkazo huangukia "off". Katika "look at it" mkazo uko kwenye "look", na "at" hupita haraka bila uzito.

Mzigo wenyewe ni mdogo kuliko unavyotisha. Mwaka 2007 Gardner na Davies walichunguza hazina ya matini za Kiingereza cha Uingereza yenye maneno yapatayo milioni 100. Vitenzi 20 tu, vikiwamo "go", "come", "take" na "get", vikiungana na vijineno 8, vilibeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi virai. Ugumu uko kwenye wingi wa maana: "pick up" ni kuokota, ni kumpitia mtu, ni kujifunza lugha kwa kuisikia, ni biashara kuanza kuchangamka.

Kiingereza cha Afrika Mashariki kimechukua njia zake. Tunasema "cope up with", pengine kwa kusikia "keep up with", na "discuss about" kwa mfano wa "talk about". Walimu huzipigia mstari mwekundu, ingawa hakuna ujinga ndani yake. Ni watu wanaotafuta utaratibu. Linalonivutia zaidi ni kinyume chake, pale tunapokiacha kijineno: "I'll pick you at the stage", "drop me at the gate". Naona Kiswahili kikifanya kazi humo. "Nitakupitia" na "nishushe" zimekwisha kubeba safari nzima ndani ya kitenzi, kwa hiyo "up" na "off" zinaonekana za ziada. Msikilizaji wa Nairobi ataelewa mara moja. Wa London akisikia "I'll pick you" anaweza kudhani umemchagua kwa jambo fulani, akangoja umwambie ni lipi.