Acha kuandika 'somo limeeleweka': Dakika tano zinazoweza kuokoa kishikwambi chako

Mvua ya masika ikianza kupiga bati huko Bujonde, wilayani Kyela, mwalimu aliye mbele ya darasa hana ujanja. Ama apaze sauti, ama anyamaze asubiri ipungue.

Sasa ongeza kishikwambi hapo. Spika yake ni ndogo, wanafunzi ni 72, na video ni ya dakika nne kuhusu moyo na mzunguko wa damu.

Kipindi kikiisha, mwalimu anarudi ofisini, anafungua andalio la somo, anafika sehemu ya maoni na kuandika maneno ambayo walimu wengi nchini wameshayaandika: "Somo limefundishwa na limeeleweka."

Limeeleweka kwa nani?

Darasa hilo ni la mfano tu, lakini mwalimu yeyote wa Kyela ataitambua hiyo mvua. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, ndiyo maana mpunga na kakao vinastawi. Na vishikwambi navyo si hadithi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kuisha.

Kifaa kimefika, sawa. Shida ni kwamba mwalimu akikwama nacho mara mbili au tatu, kinarudi kabatini, na hakuna anayejua kilikwama wapi.

Kuandika nini hasa?

Mwaka 1983, msomi wa Marekani Donald Schön alitoa kitabu kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri kazini. Alitofautisha mambo mawili: kufikiri ukiwa katikati ya kazi, na kufikiri baada ya kazi kuisha. Walimu wanalifanya la kwanza kila siku. Sauti isiposikika, unazima video na kuendelea na chaki. La pili ndilo linalopotea, kwa sababu kipindi kingine kinaanza na madaftari ya kusahihisha yanasubiri.

Dawa yake ni daftari la kawaida, au sehemu ya kuandika kwenye simu, na dakika tano. Mwalimu wetu wa mfano angeandika hivi:

"Mvua imezidi sauti. Walioona video ni madawati mawili ya mbele. Msimulizi anaongea Kiingereza, watoto wanasoma kwa Kiswahili, na nyumbani wengi wanaongea Kinyakyusa. Wengi wanadhani damu inatoka moyoni na kurudi kwa njia ile ile. Kesho nizime sauti, nisimulie mwenyewe, makundi ya watu 8."

Angalia tofauti. Hapo kuna kilichotokea, kuna kosa la wanafunzi lililotajwa kwa jina lake, na kuna jambo la kujaribu kesho. "Limeeleweka" halina hata kimoja.

Kesho yake anaandika tena: "Makundi 9 mara dakika 4 ni dakika 36. Kipindi ni 40. Haiwezekani. Niombe vipindi viwili mfululizo. Kundi moja likitazama, mengine yachore moyo ubaoni na kwenye madaftari."

Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu, jamani. Lakini bila kuiandika, mwalimu anabaki na hisia tu kwamba "hivi vifaa havifai kwa madarasa yetu." Akishaiandika anagundua kwamba kilichogoma ni ratiba, na ratiba inazungumzika na mwalimu wa taaluma.

Kwa nini wengi hawaandiki?

Jibu la wazi ni muda. Jibu ambalo halisemwi sana ni woga. Andalio la somo linakaguliwa na mwalimu mkuu, na mthibiti ubora akija analiomba. Nani atajiandikia mwenyewe kwamba somo lake limeharibika, halafu amkabidhi bosi? Kwa hiyo "limeeleweka" ni kinga, na mwalimu hapaswi kulaumiwa kwa kujikinga.

Ndiyo maana daftari la tafakuri linafaa liwe la mwalimu mwenyewe, mbali na nyaraka za ukaguzi. Anachochagua kukitoa nje, akitoe kwa hiari yake.

Pa kukitolea papo. Chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji kujadili matatizo ya ufundishaji. Mikutano ya aina hii hupooza pale kila mtu anapokuja mikono mitupu. Mwalimu mmoja akisoma mistari yake mitano kuhusu video na mvua, mwenzake wa Jiografia atasema yeye alipakua kitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania usiku mtandao ukiwa mzuri, na mazungumzo yameanza.

Vipi kuhusu kuweka mtandaoni?

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi na kufungua blogu. Kumbuka historia kidogo: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, na ada ya leseni peke yake ilikuwa Sh1 milioni. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, hivyo uliza TCRA kabla ya kuanza. Kwa wengi, kundi la WhatsApp la walimu wa kata linatosha kabisa.

Kokote utakakoweka, sura na majina ya watoto yasiwemo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha ya mtoto aliyekosea jibu haimsaidii mtu. "Kundi moja lilidhani…" inatosha.

Na mwalimu akihamishwa? Nakili kurasa zinazohusu vifaa, mwachie atakayeshika somo. Masika ijayo mvua itapiga bati lile lile, na mgeni huyo atakuwa ameshajua kwamba siku hiyo sauti izimwe na vipindi viombwe viwili.