Umri wa Mtoto Usikisiwe

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, inaelekeza kuwa mtoto asome elimu ya awali kwa mwaka mmoja akiwa na umri wa miaka 5, kisha aingie darasa la kwanza akiwa na miaka 6.

Zamani mwalimu asiyeonyeshwa cheti alimwamuru mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Aliyefikia aliandikishwa, asiyefikia alirudishwa nyumbani. Lakini mkono hupima urefu, haupimi umri. Mtoto mfupi alicheleweshwa, na mrefu aliingizwa darasani kabla ya wakati wake.

Tunayakumbusha haya kwa sababu katika visiwa vyetu, tangu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hadi Songo Songo, bado wapo wazazi wanaoikumbuka siku ya kuzaliwa mtoto kwa majira ya kusi na kaskazi. Kumbukumbu hiyo yatosha nyumbani. Haitoshi mbele ya daftari la mwalimu.

Dawa ipo. Mpango wa RITA ulioanza Mbeya mwaka 2013, na ambao umekwisha fika mkoani Lindi, unawapatia watoto walio chini ya miaka 5 vyeti vya kuzaliwa bila malipo, katika vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata. Wazazi na waangalie neno hili: nafasi hiyo humpita mtoto atimizapo miaka 5, yaani wakati ule ule shule inapomhitaji. Anayengoja mpaka siku ya uandikishaji atalipa ada ya cheti, na juu yake nauli ya mashua hadi Masoko.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi wa visiwani wawaandikishe watoto wao wangali wachanga. Nao viongozi wa wilaya tunawaomba wasingoje wananchi wavuke bahari. Wao wavuke na fomu zao, wakifuatana na wauguzi siku za kliniki. Na mtoto ambaye bado hana cheti asifukuzwe mlangoni mwa darasa, bali mzazi wake asaidiwe kukipata.

Kosa la karatasi ni la watu wazima. Si haki mtoto alilipe kwa mwaka wake wa kwanza wa masomo.