Bili ya Umeme Ina Jina la Nani?
Viza ya mwenza Uingereza: lini uongeze, na uanzie wapi

Mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya mitoko, zawadi na mawifi wenye maneno. Tuongee kuhusu karatasi. Ndiyo, karatasi! Kwa sababu kila nikifungua barua zenu, hasa za akina dada waliowafuata waume Uingereza, na siku hizi hata akina kaka waliowafuata wake, swali ni lile lile: viza yangu ya ndoa inakaribia kuisha, naomba tena lini na naanzia wapi?

Najibu kama mtu yaliyemkuta. Nilifunga ndoa Dar mwaka 2022, na Oktoba 2 mwaka huo nikatua London na masanduku mawili, moja limejaa viungo vya pilau utadhani kule hakuna maduka. Mume wangu ni mzaliwa wa Moshi lakini ana uraia wa Uingereza, na kwa sheria zetu uraia wa Tanzania aliupoteza siku alipochukua ule. Hilo likumbuke, nitalirudia. Tangu hapo kurasa hizi nazihariri nikiwa Reading, huku nikifanya kazi ya nusu siku maktaba.

Kuwahi nako kunaponza

Viza niliyoingia nayo ilikuwa ya miezi 33, kuanzia Septemba 10, 2022 hadi Juni 10, 2025. Ukiongeza unapata miezi 30 mingine. Ukishatimiza miezi 60 kwenye njia hii ya mwenza ndipo unaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, na ombi hilo linapokelewa kuanzia siku 28 kabla miezi haijatimia.

Hesabu rahisi, au siyo? Subiri. Novemba 2024 mume wangu alirudi kazini na wazo. "Tuombe sasa hivi, kabla ada hazijapanda tena." Kwake mambo ya serikali ni kuwahi foleni tu. Nikataka kukubali, lakini usiku nikachukua kalenda na kalamu.

Miezi 30 mipya haianzii pale ya zamani inapoishia. Inaanza siku uamuzi unapotoka, na zile siku zilizobaki kwenye viza ya zamani unaongezewa zisizozidi 28. Tungeomba Novemba na kujibiwa katikati ya Januari, viza mpya ingeisha katikati ya Agosti 2027. Mimi miezi 60 yangu, nikihesabu tangu nilipotua, inatimia mwanzoni mwa Oktoba 2027, na mlango wa kuomba ukaazi unafunguka mwanzoni mwa Septemba. Umeliona pengo? Kwa sababu ya wiki tatu hivi tungelazimika kuongeza viza kwa mara nyingine na kulipa kila kitu upya! Haraka ya kuokoa pauni chache ingetugharimu maelfu.

Kwa hiyo dirisha lako zuri ni hili: linafunguka siku 28 kabla hujatimiza miezi 30 tangu uingie, na linafungwa siku viza inapoisha. Langu lilikuwa Machi 5 hadi Juni 10, 2025. Tuliomba Mei 12.

Kuchelewa ndiyo usijaribu kabisa. Tarehe ikipita uko nchini bila ruhusa, na haki ya kufanya kazi inaondoka nayo. Kuna siku 14 ambazo Home Office wanaweza kukusikiliza ukiwa na sababu nzito iliyokuwa nje ya uwezo wako, na "nilisahau" au "mume wangu alikuwa bize" siyo sababu nzito.

Mfuko

Nasema kiasi nilicholipa mimi, Mei 2025: ada ya ombi pauni 1,321, na ada ya huduma ya afya pauni 2,587.50, maana ni pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Jumla pauni 3,908.50. Wee acha tu! Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, hasa mwezi wa Aprili, hivyo zitazame kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, wiki ile ile unayoomba. Usishike namba ya shoga yako aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Sisi tulikuwa tunaweka pembeni kila mwezi tangu mwaka wa kwanza, kama watu wa upatu, na bado miezi miwili ya mwisho tulikula maharage sana.

Kipato nacho kinapimwa. Kuanzia Aprili 11, 2024 kima cha chini kilipanda kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi 29,000. Lakini sisi tulioanza safari hii kabla ya tarehe hiyo, na tuko na mwenza yule yule, tunapimwa kwa 18,600 ya zamani. Nimekutana na wanandoa waliokosa usingizi mwaka mzima kwa kutojua hilo tu. Jambo jingine la kukutia moyo: safari hii mshahara wako wewe mwenye viza, unaoupata huko Uingereza, unajumlishwa na wa mwenzako. Ule wa kwangu wa maktaba ulihesabiwa.

Kwa mwajiriwa wanataka slipu za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri. Kila shilingi, samahani, kila pauni iliyoandikwa kwenye slipu ionekane ikiingia benki. Na karatasi hizo ziwe mbichi: ya mwisho isiwe imepita siku 28 kabla ya kuomba.

Kiingereza kidogo. Ulioingia nao ni ngazi ya A1. Wa kuongeza ni A2, mtihani wa kuongea na kusikiliza. Kama shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza, hata ikiwa ya Mlimani, unaweza kuitumia badala ya mtihani, ila Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa moja kwa moja, kwa hiyo lazima upate barua ya uthibitisho ya Ecctis. Ile niliyoitumia mara ya kwanza nimeitumia tena.

Mgeni kwenye makaratasi ya nyumba yangu

Sasa tufike nyumbani kwenyewe. Ili kuonyesha kwamba mnaishi pamoja kweli, mnatakiwa kuleta barua kama sita zilizosambaa kwenye miaka miwili, kutoka angalau sehemu tatu tofauti: benki, kodi ya halmashauri, umeme, maji, hospitali. Ziwe na majina yenu wote wawili. Zikiwa na jina moja moja, basi kila mmoja awe na zake, kwa anwani ile ile.

Jumapili moja ya Januari nilimwaga droo nzima mezani. Umeme: jina lake. Maji: jina lake. Halmashauri: jina lake. Mkataba wa nyumba: jina lake. Mimi nilikuwa na barua mbili za daktari na kadi ya Krismasi ya jirani. Miaka miwili na ushee napika, nafua, nalipa nusu ya bili kwa mshahara wangu, na kwa makaratasi sikuwepo!

Nilinyamaza. Yeye akasema, "Si ubaya, mama, nilikuta ziko hivyo tu." Na ni kweli, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaishi peke yake kabla sijaja, akaacha mambo yalivyo. Lakini siku ile tuligombana kuliko tulivyowahi kugombana kwa sababu ya pesa au ndugu. Nilichokuwa nalilia hakikuwa viza.

Kilichotuokoa ni taarifa zangu za benki zenye anwani ya pale, barua za mwajiri wangu, za daktari, na za mamlaka ya kodi. Kwa hiyo wewe unayefungasha sanduku sasa, wiki ya kwanza ukifika, kabla hata hujajua duka linalouza unga wa ugali, ingiza jina lako kwenye bili. Fungua akaunti. Jiandikishe kwa daktari. Barua zikija, usitupe.

Msiba wa Juni

Ukishatuma ombi na kupigwa alama za vidole, unasubiri. Waliotimiza vigezo huambiwa wiki nane. Viza yako ikiisha katikati ya kusubiri, tulia: ukiwa uliomba kwa wakati, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1971, kifungu cha 3C, inakulinda, na unaendelea kufanya kazi kama kawaida. Lakini usitoke nje ya nchi. Ukivuka mpaka, ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe.

Bibi yangu, aliyenilea Tanga hadi darasa la saba, alifariki wiki ya pili ya Juni. Viza yangu ilikuwa imeisha siku chache kabla. Ningepanda ndege, ombi lingekufa, pauni 3,908.50 zingekuwa hatarini, na kurudi kwa mume wangu kungehitaji viza mpya kuanzia mwanzo, nikiomba kutoka Dar, na safari hii hesabu ya miaka mitano ingeanza sifuri.

Mume wangu akaenda. Yeye mwenye pasipoti ya kigeni alilipa dola 50 za viza ya utalii, akamzika bibi yangu. Mimi mwenye pasipoti ya Tanzania nilikaa Reading kitandani, simu imeegemezwa kwenye mto, nikiangalia mazishi kwa WhatsApp hadi chaji ikaisha. Shangazi aliniuliza, "Mwanangu, karatasi gani hiyo inayozuia mtu kuzika?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kama nyumbani kuna mgonjwa mahututi au mzee sana, nenda ukamwone kabla hujatuma ombi. Dirisha lina wiki kadhaa, lipange hivyo. Mimi sikupanga.

Kwa wale wenye viza inayotumika kama fimbo

Kuna barua nyingine huwa zinakuja bila jina. Mume anaficha pasipoti. Mume anasema, "Ukinijibu tena, siiongezi viza yako, utarudi kwenu." Dada mmoja wa karibu yangu aliishi hivyo mwaka mzima, hata nywila ya akaunti ya viza yake ya kielektroniki aliishika mumewe.

Shosti, sikiliza. Ombi ni lako, linaandikwa kwa jina lako. Na mtu aliyeko kwa viza ya mwenza wa raia, ndoa ikivunjika kwa sababu ya unyanyasaji, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kusubiri miaka mitano. Unyanyasaji si kipigo tu. Kubanwa pesa na kutishwa navyo vinahesabika. Simu ya bure ya saa 24 huko Uingereza ni 0808 2000 247. Halafu usimpe pesa "mjomba anayejua mambo ya viza". Mshauri wa uhamiaji ambaye si mwanasheria lazima awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority, na unaweza kulitafuta jina lake kwenye orodha yao kabla hujafungua pochi.

Jibu langu lilitoka Julai 3, 2025. Viza mpya inaisha Januari 3, 2028, lakini tarehe niliyobandika kwenye mlango wa friji ni nyingine: Septemba 4, 2027. Umeme na kodi ya halmashauri sasa vina majina mawili. Bili ya maji bado ina jina lake peke yake. Nimempa hadi mwisho wa mwezi.