Je, Wajua? Lebo Husomwa kwenye Gunia, Chakula Hupimwa kwa Kisado

Je, wajua kuwa miche ya michikichi ya Tenera inayozalishwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapa hapa Kigoma, si GMO, yaani zao lililobadilishwa vinasaba? Ni chotara. Dura, yenye ganda nene linalozunguka mise, huchavushwa kwa chavua ya pisifera, ambayo karibu haina ganda kabisa. Mtoto wao anatoka na ganda jembamba na nyama nyingi ya kukamua. Anayekwambia sokoni Mwanga kwamba mawese ya siku hizi ni ya maabara amechanganya mambo mawili.

Tena, hakuna nchi yoyote duniani inayolima mchikichi wa GMO kibiashara. Mafuta ya kuulizia ni yale ya soya, mahindi, pamba na kanola, hasa yakitoka nje ya nchi. Dumu la mawese la Ujiji liacheni.

Je, wajua kuwa mafuta yakishasafishwa sana kiwandani, vinasaba hupungua hadi maabara hushindwa kuvigundua? Hapo ndipo njia za wakubwa zilipoachana. Umoja wa Ulaya unataka lebo hata hivyo, kwa kufuatilia nyaraka kuanzia shambani. Marekani, sheria yake ilipoanza kubana Januari 2022, iliyasamehe.

Viwango navyo havilingani. Ulaya inavumilia mchanganyiko wa bahati mbaya hadi asilimia 0.9 kwa kila kiambato, Kenya asilimia 1 (kanuni za 2012), Marekani asilimia 5. Biskuti ileile yaweza kudaiwa lebo Mombasa na isidaiwe New York.

Je, wajua kuwa Tanzania haijaruhusu zao lolote la GMO kulimwa kibiashara? Mahindi ya majaribio yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe.

Sasa tuvuke Ziwa Tanganyika. Mwaka 2002, Zambia, jirani yetu wa kusini ambaye bandari yake ya Mpulungu ilipokea meli ya MV Liemba kutoka Kigoma kwa miaka mingi, ilikuwa na njaa. Mahindi ya msaada kutoka Marekani yakaletwa. Rais Levy Mwanawasa akayakataa. Zimbabwe na Msumbiji zilikubali kwa sharti kwamba yasagwe kwanza, kwa sababu punje nzima mkulima anaweza kuipanda, na ikishachavusha shamba la jirani hairudi tena ghalani. Zambia ilikataa hata unga. Waliomsifu walisema amelinda mbegu za nchi. Waliomlaumu walisema mwenye njaa hakuulizwa. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa jambo moja: Marekani mahindi ya aina zote yalikuwa yakichanganywa kwenye maghala makubwa, hivyo hapakuwa na mtu wa kusema gunia lipi lina nini. Nchi nzima iliamua gizani.

Itifaki ya Cartagena ya usalama wa bayoteknolojia, iliyoanza kutumika Septemba 2003, ilikuja na jibu la nusu. Shehena ya chakula iandikwe kwamba “huenda” ina GMO. Huenda! Mwaka 2006, mjini Curitiba, Brazili, nchi wanachama zikakubaliana kwamba pale aina inapojulikana, iandikwe wazi kuwa imo.

Lakini karatasi hiyo ya shehena inaishia kwa afisa wa bandari. Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996 kwa ndugu zetu wa Kongo, mgao wa chakula hupimwa. Sisemi una GMO. Nasema anayekinga chombo chake hana gunia la kusoma. Na sisi wa mjini hatuna tofauti kubwa: unga kwa kisado, dagaa kwa fungu, mafuta kwa chupa ya maji iliyokwisha kutumika. Sheria za lebo zimeandikwa na watu wanaonunua pakiti.

Je, wajua kuwa Juni 2021 Kenya iliidhinisha muhogo wa GMO unaohimili michirizi ya kahawia, ugonjwa uleule unaoozesha mihogo yetu? Ulibakiza majaribio ya kitaifa kabla ya kumfikia mkulima. Nani atabandika lebo kwenye makopa?

Wafanyabiashara wengi huapa kwamba lebo inafukuza wateja. Mwaka 1996 maduka ya Sainsbury's na Safeway, Uingereza, yaliuza nyanya ya kopo ya GMO, imeandikwa waziwazi, bei nafuu kuliko ya kawaida. Ilinunuliwa vizuri kwa miaka kadhaa, mpaka hofu ya GMO ilipopamba moto.

Ule ujumbe wa WhatsApp kwamba tunda lenye namba inayoanza na 8 ni GMO? Namba hiyo ilitengwa kweli, ila madukani haikutumika.

Kwa bidhaa ya pakiti, malalamiko ya chakula tangu Julai 2019 yanapelekwa shirika la viwango, TBS. Mamlaka ya dawa ilivuliwa jukumu hilo.

Na dagaa je? Hakuna dagaa wa GMO. Samaki wa aina hiyo aliyeruhusiwa Marekani mwaka 2015 alikuwa samoni. Mteja wa Dar es Salaam anayelipia bei ya “dagaa wa Kigoma” amwulize muuzaji swali lingine: wametoka Tanganyika, au Victoria?