Ruta za intaneti huchaguaje njia? Mkataba huja kabla ya ramani

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mfanyabiashara wa Nairobi aliyemtumia ankara kwa barua pepe mteja wa mtaa wa pili alikuwa anaisafirisha mbali bila kujua. Kama wawili hao walitumia kampuni tofauti za intaneti, ujumbe ulipanda setilaiti hadi ng'ambo, kisha ukarudi Nairobi. Safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni.

Chanzo ni jinsi mitambo iitwayo ruta inavyochagua njia. Intaneti ni maelfu ya mitandao ya kampuni, benki na vyuo iliyounganishwa. Kila mtandao una namba yake, na ruta za mipakani hupashana habari kwa utaratibu uitwao BGP, uliotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Ruta humweleza jirani anwani zinazofikika kupitia kwake, pamoja na orodha ya mitandao itakayopitiwa.

Zikipatikana njia mbili za kufika mahali pamoja, ruta huzipima kwa hatua. Kwanza hufuata agizo la mwenye mtandao. Kwa kawaida kampuni hutanguliza njia ya mteja anayeilipa, kisha ya mwenzake wanayebadilishana data bila malipo, na mwisho ile ambayo yenyewe huilipia. Njia zikilingana hapo, hushinda inayopita mitandao michache. Zikilingana tena, vigezo vingine vidogo huamua.

Hakuna hatua inayopima kilomita za safari nzima, wala msongamano ulioko mbele. Kwa hiyo njia ya mitandao miwili kupitia London yaweza kuishinda ya mitandao mitatu isiyotoka Afrika Mashariki.

Dawa yake ni mitandao kukutana nyumbani. Kampuni za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Kilifungwa muda mfupi baadaye, Telkom Kenya ilipolalamika kuwa kinaingilia haki yake ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa. Kilifunguliwa tena Februari 2002, na ankara ya mtaa wa pili ikapata njia ya kubaki Nairobi.

Somo hilo lilijirudia Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na kuyumbisha intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huu. BGP huhamishia mawasiliano kwenye njia iliyobaki, lakini ruta haiwezi kuchagua njia ambayo kampuni yake haina mkataba nayo.

Kwa anayeuza bidhaa Kampala akiwa Dar es Salaam, maswali ya kuuliza kabla ya kusaini ni mawili: kampuni hii hubadilishana data wapi na mitandao ya nchi jirani, na mkongo mmoja ukikatika, imelipia njia gani nyingine?