Kibali cha Utafiti: Mambo ya Kujua Kabla Mtoto Wako Hajashirikishwa

Umempeleka mtoto kliniki kupima uzito. Ukiwa bado kwenye benchi unasubiri kuitwa, anakuja kijana mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. "Habari za leo, mama. Natoka chuo kikuu, tunafanya utafiti kuhusu lishe ya watoto. Naomba dakika ishirini tu." Anataka kukuuliza maswali, kisha amtoboe mtoto kidole na kuchukua matone machache ya damu.

Wengi wetu hujibu haraka. Wapo wanaokubali kwa sababu wanadhani ni sehemu ya huduma, au wanaogopa nesi atakasirika. Wapo wanaokataa kwa sababu wamesikia mtaani kwamba damu inauzwa. Wote wamejibu kabla ya kuuliza swali moja muhimu: "Kibali chenu kiko wapi, na kinaisha lini?"

Mtafiti anayetaka kufanya utafiti wa afya kwa watu, awe profesa au mwanafunzi, anatakiwa kuwa na kibali cha maadili. Makala hii inaeleza kibali hicho hupatikanaje, hutunzwaje, na wewe mama au mlezi unaweza kukitumiaje kumlinda mtoto wako.

Utafiti si sawa na matibabu

Daktari anapomtibu mtoto wako, lengo lake ni mtoto huyo apone. Mtafiti ana lengo jingine: kupata jibu litakalosaidia watoto wengi baadaye. Mtoto wako anaweza kunufaika, au asinufaike kabisa.

Katika majaribio ya dawa au chanjo, mara nyingi watoto hugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja hupata dawa mpya, jingine hupata dawa ya kawaida. Wakati mwingine hata daktari anayemhudumia mtoto hajui yuko kundi gani.

Hili si jambo baya. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwezi Oktoba 2021, ilipita kwenye jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Baadhi yao walikuwa wa Bagamoyo na Korogwe hapa Tanzania, na Kilifi na Siaya nchini Kenya. Bila mama zao kukubali, chanjo hiyo isingefika kwenye zahanati. Lakini kwa kuwa mtafiti ana haja yake, lazima awepo mtu mwingine, asiye na faida katika utafiti huo, wa kuangalia kama mtoto yuko salama. Hiyo ndiyo kazi ya kamati ya maadili ya utafiti.

Kibali hupatikanaje?

Kabla ya kumgusa mtu yeyote, mtafiti huandika mpango mzima wa utafiti: anataka kujua nini, atahitaji watu wangapi, atawapata wapi, atawafanyia nini na kwa muda gani. Huambatanisha maswali atakayouliza na fomu ya ridhaa kwa lugha ambayo washiriki wanaielewa. Mwanafunzi hupitisha kwanza kwa msimamizi wake. Kisha mpango hupelekwa kwenye kamati.

Kamati si ya madaktari peke yao. Huwa na watu wa fani mbalimbali, wakiwemo wanasheria, viongozi wa dini au wananchi wa kawaida. Mjumbe mwenye maslahi katika utafiti huo hutakiwa kukaa pembeni. Kamati hujiuliza maswali ambayo hata wewe ungeuliza:

- Je, jibu wanalotafuta lina faida, au wanasumbua watu bure?
- Kwa nini watumie watoto? Hawawezi kupata jibu kwa watu wazima?
- Kiasi cha damu kinacholingana na umri wa mtoto ni kipi?
- Mtoto akidhurika, nani atalipia matibabu?
- Majina na majibu ya watu yatafichwaje?
- Fedha ya nauli inayotolewa ni ya kufidia usumbufu, au ni ya kumshawishi mtu maskini akubali asichokitaka?

Mara nyingi kamati hairidhiki mara ya kwanza. Humrudishia mtafiti ili arekebishe fomu, apunguze damu, au aeleze zaidi.

Tanzania Bara, utafiti wa afya wa kitaifa hupitiwa na kamati iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inayojulikana kama NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Vyuo kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) vina kamati zao. Zanzibar ina kamati yake. Mtafiti kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha COSTECH, na jaribio la dawa au chanjo huhitaji idhini ya TMDA, mamlaka inayosimamia dawa. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, baada ya kamati ya maadili iliyosajiliwa kuupitia mpango.

Baada ya hapo mtafiti bado hupiga hodi: kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya serikali ya mtaa. Lakini elewa jambo hili: mwenyekiti wa mtaa akimruhusu mtafiti, amemruhusu kuingia mtaani tu. Hajakubali kwa niaba ya mtoto wako.

Kwa nini tunasisitiza kibali?

Mwaka 1996 ulizuka ugonjwa mkubwa wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria. Hospitali ilijaa watoto. Kampuni ya dawa ya Pfizer ya Marekani ilifika na kufanya jaribio kwa watoto 200: nusu walipewa dawa mpya iitwayo Trovan, nusu wakapewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, kutoka makundi yote mawili, na wengine walibaki na ulemavu.

Kama waliuawa na ugonjwa au na dawa, hilo lilibishaniwa kwa miaka mingi. Wazazi walisema hawakujua kwamba watoto wao walikuwa kwenye jaribio. Walidhani ni matibabu. Kampuni ilisema waliridhia kwa mdomo. Baadaye iligundulika kwamba barua iliyoonyesha kuwa kamati ya maadili ya hospitali ilikubali jaribio hilo iliandikwa baada ya jaribio kufanyika, na kwamba wakati ule hospitali haikuwa na kamati ya maadili. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 katika makubaliano na Jimbo la Kano, bila kukiri kosa.

Mama wa Kano hakuwa na pa kuuliza. Wewe unapo, na unachotakiwa kuuliza ni kifupi.

Kibali kina tarehe ya kuisha

Watu wengi, hata baadhi ya watafiti, huona kibali kama cheti cha kuzaliwa: ukishakipata, kazi imeisha. Sivyo. Kibali kinachotolewa kupitia NIMR kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na tarehe ya kuanza na ya kuisha huandikwa juu yake. Utafiti ukiendelea zaidi ya hapo, mtafiti lazima aombe kuongezewa muda kabla tarehe haijapita. Ikipita, anatakiwa kusimama.

Katika muda huo mtafiti ana wajibu huu:

1. Kutoa taarifa ya maendeleo. Masharti ya kibali cha NIMR hudai taarifa kila baada ya miezi sita.
2. Kuomba upya anapotaka kubadilisha jambo. Kama kibali kinasema atachukua damu mara moja, hawezi kurudi kuchukua mara ya pili kwa sababu ameona inafaa. Akitaka kuongeza maswali, kuongeza umri wa watoto au kupeleka sampuli nje ya nchi, hurudi kwenye kamati kwanza.
3. Kuripoti madhara makubwa haraka. Mtoto akilazwa au akifariki akiwa kwenye jaribio, kamati lazima ijulishwe, hata kama mtafiti anaamini chanzo si dawa.
4. Kukujulisha jambo jipya. Ikigundulika hatari ambayo haikujulikana ulipokuwa unatia saini, una haki ya kuambiwa na kuulizwa tena kama unataka kuendelea.

Kamati inaweza kusimamisha utafiti wakati wowote. Lakini kamati haikai kliniki kila siku. Wewe ndiye unayeona kwamba leo wamechukua chupa mbili za damu badala ya moja. Ukinyamaza, kamati haitajua.

Kabla hujatia saini

Fomu ya ridhaa siyo risiti. Ni maelezo unayopaswa kuyaelewa. Kama husomi, mtafiti anatakiwa kukusomea yote mbele ya shahidi uliyeridhika naye, ndipo uweke dole gumba. Nakala moja ni yako. Itunze pamoja na kadi ya kliniki.

Unaweza kusema, "Nitajibu kesho, nikazungumze na baba yake," au mama yako, au mtu yeyote unayemwamini. Utafiti wa kweli unaweza kusubiri. Mtoto aliyekua kiasi cha kuelewa, mara nyingi kuanzia miaka 7 hivi, naye anatakiwa kuulizwa kama anakubali. Akikataa, asikilizwe.

Maswali ya kuuliza ni haya:

- Kibali chenu kimetolewa na nani, namba yake ni ipi, na kinaisha lini?
- Mtamfanyia mtoto nini hasa, mara ngapi?
- Je, kuna kitu kitakachouma au kuweza kumdhuru?
- Nisipokubali, mtoto atapata huduma gani?
- Damu ikibaki, mtaifanyia nini? Mtaihifadhi? Itapelekwa wapi?
- Je, mtapiga picha? (Picha inahitaji ridhaa yake peke yake.)
- Majibu ya vipimo vya mtoto wangu nitayapata?
- Akipata shida usiku, nimpigie nani?

Mtafiti aliyefuata utaratibu hatachukia maswali haya. Ameshayajibu mbele ya kamati. Akikasirika, akikuharakisha, au akisema "barua iko ofisini, wewe saini tu," mwambie utasaini barua itakapofika.

Kukataa na kujitoa

Kushiriki ni hiari. Ukikataa, mtoto wako anastahili chanjo, dawa na huduma zilezile kama watoto wengine. Ukikubali leo na kubadili mawazo baada ya miezi mitatu, unaweza kumtoa mtoto, na hulazimiki kueleza sababu. Nauli uliyokwisha kupewa hudaiwi.

Jambo moja tu la tahadhari: kama mtoto anatumia dawa ya utafiti, usimkatishe kimyakimya. Waambie wahudumu kwamba unajitoa, ili wakueleze namna salama ya kuacha na tiba ipi ataendelea nayo.

Ukiona jambo haliko sawa

Mtoto akiugua akiwa kwenye utafiti, anza na mtoto. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, umwambie mhudumu kwamba yuko kwenye utafiti na umwonyeshe nakala ya fomu. Kisha mpigie mtafiti. Katika majaribio ya dawa na chanjo, watafiti hutakiwa kuwa na bima ya washiriki, kwa hiyo usikubali kuambiwa ujilipie madhara yaliyotokana na utafiti.

Kama tatizo ni mtafiti mwenyewe, angalia tena fomu yako. Inatakiwa kuwa na namba mbili za simu: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Ile ya pili iliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Huhitaji kujua Kiingereza wala kuandika barua. Sema jina la utafiti, mahali ulipo, na kilichotokea. Ukiona fomu haina namba ya kamati, hiyo peke yake ni sababu ya kutosaini.

Kijana wa kliniki mwenye kishikwambi huenda ni mtafiti mwema, na utafiti wake huenda utasaidia wajukuu zako. Muulize kibali, soma tarehe, chukua nakala yako. Baada ya hapo, ukisema ndiyo au hapana, utakuwa umejibu ukijua unachokijibu.